"Utani na nani?": kisa cha Nshomile na binti wa Masasi

Ofisini tulikuwa watu kumi na wanne, na kwa miaka minne kila mmoja wetu aliijua Bukoba kuliko alivyoijua Ilala alikoshuka daladala kila asubuhi. Tulijua kwamba mvua ya kule haiombwi, na kwamba senene wakianza kuanguka Novemba watu hawalali. Tulijua kwamba Kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, Laurean Rugambwa, aliyeteuliwa mwaka 1960, hakutoka kwingine. Tulijua kwamba wahenga wa kule walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza.

Aliyetusomesha haya yote ni mtu mzima wa miaka hamsini na ushei. Kampuni yetu inatoa mizigo bandarini, na sijafanya kazi na mtu anayezijua nyaraka za forodha kama yeye. Waraka wenye kasoro akiupokea, kidole chake kinatua kwenye kasoro kabla hujamaliza kumweleza. Jina lake silitaji. Tulimwita Nshomile, yaani "nimesoma" kwa Kihaya, neno ambalo mjini limekuwa jina la Mhaya yeyote mwenye shule na asiyeificha. Alilipenda. Hata simu ya mezani alikuwa akiipokea hivyo: "Nshomile hapa, nani mwenzangu?"

Mimi nilikuwa mkuu wa kitengo. Kisa hiki nilikikosea mara mbili kabla sijakipatia nusu, na ndiyo maana nakiandika kirefu.

Kilichotokea

Mwaka juzi, chai ya saa nne. Gazeti lilikuwa mezani na matokeo ya mitihani ya kidato cha nne, watu wakitafuta shule zao. Kijana mmoja wa idara ya magari, anayependa kuwasha moto kisha akae pembeni aote, akasema: "Nshomile, mbona mwaka huu siwaoni? Au migomba imewazidi nguvu?"

Nshomile akaweka kikombe chini. Ikaja shule ya Ihungo, wakaja mapadri waliosoma Roma, tukapelekwa na kurudishwa. Hilo lilikuwa la kawaida na wengi wetu tulikuwa tumeshaanza kutabasamu. Kisha akamgeukia binti aliyekuwa amekaa karibu na jagi la maji. Binti huyu alikuwa na miezi mitano kazini, tulimwajiri baada ya mafunzo kwa vitendo. Kwao ni Masasi, kule kusini.

"Siyo kama akina binti yangu huyu," akasema. "Mwanangu, kwenu shule mlijengewa lini? Si mlikuwa mkicheza unyago mpaka korosho zinaiva?"

Kicheko kikapasuka. Mimi nilicheka. Naliandika hili mapema, maana nilipokuja kuulizana na wenzangu, kila mtu alikumbuka nani alicheka isipokuwa yeye mwenyewe. Binti naye alicheka kidogo, akamaliza chai yake, akaosha kikombe, akarudi mezani kwake.

Baada ya siku hiyo akawa hanywi chai nasi. Ana kazi nyingi, tukasema. Wiki ya tatu barua yake ikafika mezani kwangu: anaomba kuhamishiwa bandari kavu "ili kupata uzoefu zaidi". Bandari kavu ni vumbi, jua la utosi na madereva wanaogombania foleni. Kwa miaka yote niliyokaa pale, hakuna mtu aliyewahi kuomba kupelekwa. Hupelekwa. Nilikuwa nimeshaifungua kalamu wakati mama wa uhasibu, ambaye barua zote hupitia kwake, aliposimama mlangoni. "Bosi, hebu isome tena. Huyu mtoto anakimbia."

Kosa la kwanza

Nilifanya kile ambacho mabosi wengi hufanya: nikapiga marufuku. Asubuhi moja nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba kuanzia siku hiyo ni mwiko kutaja mkoa au kabila la mtu kazini. Nikajiona kiongozi.

Kufikia mchana Bukoba ilikuwa imepewa jina la "mkoa usiotajika". Kukawa na "kule kwenye ndizi" na "wale wa korosho". Kijana wa magari akawa anaziba mdomo kwa viganja viwili kila Nshomile akipita. Kwa kifupi, kabla ya marufuku mtu aliyetajwa kwa mkoa wake alikuwa mmoja, huyohuyo, na baada ya marufuku mikoa ikawa ndiyo habari ya ofisi nzima. Na binti wa Masasi, ambaye hakuwa amelalamika kwa mtu, akajikuta anatazamwa kama aliyepeleka mashtaka.

Lakini lililonishtua zaidi ni ukimya wa Nshomile. Aliitii amri mpaka ikawa adhabu. Ndipo nilipogundua kwamba Bukoba yake ilikuwa na kazi nyingine ambayo sikuwahi kuiona. Alipomfundisha kijana mpya kwa nini cheti cha uasilia wa bidhaa kina uzito, hakuanza na kanuni. Alianza na kahawa iliyovushwa usiku kwenda Uganda kwa magendo alipokuwa mtoto, magunia yanapanda mtumbwi yakiwa ya Tanzania na kushuka yakiwa ya Uganda, na bei imebadilika ziwani katikati. Kijana akishasikia hivyo hasahau tena. Sasa alikuwa anasema tu: "Soma kifungu hicho." Vijana wakasoma, wakakosea.

Kwa hiyo kulikuwa na "kwetu" mbili. Moja inamfungulia msikilizaji mlango, naye akimaliza kusikia anaweza kusema "hata kwetu". Nyingine inapanga watu kwenye ngazi na kumwonyesha mtu kipago chake. Amri yangu ilizifagia zote mbili, ikabakiza ile ya pili, maana hiyo haihitaji hata kutaja jina la mji.

Kosa la pili

Nikawaita wote wawili ofisini kwangu, siku moja, kwa wakati mmoja. Mtu mzima na msichana anayelingana na mwanawe wa mwisho. Leo nikikumbuka naona aibu.

Binti aliingia akatoa shikamoo, akakaa ukingoni mwa kiti. Nshomile alikuwa ameshangaa kweli, hakuigiza. "Bosi, ule si utani tu? Mimi hapa natukanwa ndizi na Kiingereza kila siku ya Mungu, nimewahi kushtaki? Binti yangu, ule ulikuwa utani."

Binti akasema, bila kuinua sauti: "Utani na nani, mzee wangu? Mimi si mtani wako."

Kimya. Kisha akaongeza: "Na babu yangu alikuwa mwalimu. Baba yake babu pia." Akaomba ruhusa ya kurudi kazini kwa sababu kulikuwa na kontena linasubiri.

Sentensi ile ya kwanza ndiyo uchambuzi wote. Mengine haya ni kuifafanua.

Utani una mkataba

Siku hizi neno utani tunalipaka kila mahali kama mafuta ya mgando. Ukimtusi mtu akanuna, unamwambia ni utani. Lakini utani wenyewe, ule wa makabila, una pande mbili zinazojulikana na kila upande unajua deni lake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, hakuna aliyemmaliza mwenzake, vita vikazaa utani. Wazaramo na Wanyamwezi walikutana kwenye njia za misafara ya kwenda pwani, ambako mgeni alihitaji wa kumpokea na mwenyeji alihitaji wa kumtambua. Wapare na Wachaga wanataniana kwa ujirani wa milima. Kote huko sharti ni lilelile: anayetania hutaniwa, na hakuna anayehesabu nani kazidisha.

Na kuna msiba. Hapo ndipo mtani wa kweli anapojulikana. Mtani anaweza kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza anavyotembea, anaweza kuzuia jeneza mpaka alipwe, anaweza kuwaambia wafiwa maneno ambayo mtu mwingine angepigwa kwayo. Lakini mtani huyohuyo ndiye aliyeshika jembe tangu alfajiri, ndiye aliyechota maji, ndiye anayejua nani hajala. Leseni ya ulimi wake ameilipia kwa mikono.

Sasa pima ofisi yetu kwa kipimo hicho. Nshomile na binti wa Masasi hawana utani wa asili, wala vita vya mababu, wala njia ya msafara. Hawalingani umri. Hawalingani cheo. Angemjibu vipi? Akimtajia migomba, ni mtoto anayemvunjia heshima mtu mzima. Akinyamaza, amekubali kwamba kwao hakuna shule. Watu wa magari wangeweza kumrudishia Nshomile na walimrudishia kila siku, kwa hiyo kati yao mizani ilikaa sawa. Kwa binti ilikuwa mizani ya sahani moja.

Hesabu ya miaka

Nitakaa kidogo kwenye swali lenyewe, "kwenu shule mlijengewa lini", kwa sababu lilitamkwa kana kwamba jibu linajulikana.

Jibu ni hili. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Zanzibar, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, walianzisha kituo Masasi mwaka 1876 pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifungua kituo chao cha Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Masasi ilitangulia kwa miaka 16.

Sasa mbona mtaani hadithi imegeuka? Kwa sababu kutangulia si kudumu. Mwaka 1882 Masasi ilivamiwa na Wangoni. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipolipuka kusini, kituo kikachomwa, na jinsi Wajerumani walivyovizima vita ile kwa moto na njaa ni habari inayojulikana. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza wakaleta mpango wa karanga, uliojumuisha Nachingwea, na reli ya kutoka Mtwara. Mpango ukafa mapema miaka ya 1950, na reli nayo ikang'olewa baadaye. Mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, anayekwenda kusini kwa barabara alipanga foleni ya kivuko cha Rufiji, na masika yakikolea alirudi nyumbani kusubiri. Bukoba nayo iko mbali, lakini ilikuwa na kahawa, na ilikuwa na ziwa linalopitika mwaka mzima. Kahawa ilimlipia mtoto ada. Ndiyo tofauti kubwa, na haina uhusiano na nani anapenda ngoma.

Nshomile ni msomi. Tarehe ya Kashozi anaijua kama jina lake. Ya Masasi hakuwahi kuitafuta, maana mtu anayeringia kwao hasomi historia ya kwa wenzake. Mimi pia sikuwa naijua mpaka binti alipotaja babu yake.

Tulivyomtengeneza

Baada ya kikao kile kibovu nikafanya jambo nililopaswa kuanza nalo. Niliiondoa marufuku, halafu kwa majuma mawili nikawa nasikiliza tu. Kila Bukoba ilipotajwa niliweka kistari pembeni ya diari, na mbele ya kistari nikaandika nani aliianzisha.

Zaidi ya nusu ya mara, hakuianzisha yeye. Mlinzi wa getini: "Nshomile, vipi Bukoba?" Mteja kwenye simu. Kijana wa magari, kila asubuhi. Mimi mwenyewe, na hili lilinichoma, nilimtambulisha kwa wageni wawili kwa maneno "huyu ndiye Mhaya wetu". Mtu akiitwa kwa jina moja miaka minne huanza kuliitikia hata kabla hajaitwa. Tulimpa wimbo mmoja, tukampigia makofi, kisha tukamlaumu kwamba hajui mwingine.

Kuna kitu kingine pia, na hiki kilinijia kwa kumwona mama wa uhasibu anavyokwepa neno kabila. Yeye ni wa kizazi cha Mwalimu Nyerere. Machifu waliondolewa madaraka mara baada ya uhuru, wanafunzi wa sekondari wakapelekwa mikoa ya mbali na kwao, sensa ya 1967 ikawa ya mwisho kuuliza mtu kabila lake. Tukajifunza kwamba kabila si neno la mezani. Ni malezi mazuri na sidhani kama ningependa kulelewa vingine. Ila hamu ya kusema "sisi" haikuzikwa pamoja na swali la sensa. Ilivaa koti la mkoa. Mtu anayeona haya kusema "sisi Wahaya" anasema "sisi kwetu Bukoba", na hakuna anayeshtuka. Ndiyo maana hata sikuona kosa siku ile ya chai. Kama Nshomile angesema kabila moja ni la wajinga, ningesimama hapohapo. Alisema mkoa, nikacheka.

Nilimwita tena, safari hii peke yake, jioni watu wameondoka. Sikumsomea mashtaka. Nilimuuliza lini mara ya mwisho alikwenda kwao.

Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani amekasirika. Kisha akaniambia habari za tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Nyumba ya mama yake ilipata ufa ukutani kutoka madirishani mpaka chini. Aliwaahidi ndugu zake mbele ya mama kwamba ataijenga upya, yeye mwenye kazi ya Dar. Zikaja ada za watoto wawili chuo kikuu, kikaja kiwanja chenye kesi. Mama alifariki akiwa bado analala kwenye chumba cha upande usio na ufa. Alikwenda kuzika, na tangu hapo hakurudi. Simu za kaka yake huzipokea moja kati ya tatu.

Sikumwambia kitu. Kuna watu watasema huo ni udhuru, kwamba mtu mwenye deni kwao asilipe kwa kuwatweza wengine. Nakubaliana nao. Ila nilielewa kwa nini Bukoba yake ilikuwa na kardinali, chuma na senene, na haikuwahi kuwa na nyumba.

Uamuzi

Barua ya binti niliisaini. Nilimuuliza kwanza kama bado anaitaka, nikamweleza kwamba akibaki nitahakikisha anakaa kwa amani. Akasema anaitaka, kwa sababu amekwenda kuona kule na amependa kwamba kazi inaonekana kwa macho. Sijui kama lilikuwa jibu lote. Si kila aliyeumizwa anatudai tumshuhudie akipona.

Kwa wengine sikutoa tangazo. Mimi niliacha kumtambulisha mtu kwa kwao. Kijana wa magari nilimwambia ana kwa ana kwamba akitaka kumchokoza Nshomile amchokoze akiwa tayari kuchokozwa yeye, naye akacheka akasema kwao hakuna cha kutania. Kwao ni Dodoma. Nilimwacha agundue mwenyewe.

Nshomile nilimwambia jambo moja: "Mzee wangu, hadithi za kwenu tunazihitaji. Lakini ukishataja kwenu usimalizie na kwa mwingine, mpaka yeye akutajie." Akauliza kama lazima aombe radhi mbele ya watu. Nikamwambia alichosema alikisema mbele ya watu. Hakuomba mbele ya watu. Alipanda gari la kampuni siku ya Ijumaa akaenda bandari kavu, akakaa huko kama nusu saa. Alichosema hukohuko kimebaki hukohuko.

Desemba ile babu wa binti, yule mwalimu, akafariki. Tulichanga rambirambi kama kawaida, na kama kawaida tukatafuta mtu mmoja wa kuipeleka, kila mtu akiangalia viatu vyake kwa sababu ya umbali. Nshomile akasema atakwenda. Akapanda basi alfajiri, akalivuka daraja la Rufiji kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapita Ndanda, akafika Masasi usiku. Nasikia hakukaa na wageni wa heshima. Alivua koti akaulizia jembe liko wapi, akaambiwa kaburi limeshachimbwa, akaenda kukaa na wanaume wanaopasua kuni.

Alirudi siku ya nne. Chai ya saa nne tulikuwa tunamsubiri, kwa rambirambi na kwa habari. Hakugusa kikombe. "Jamani," akasema, "mnajua Masasi walifika lini? 1876! Sisi kwetu padri hajaonekana, wao wana kanisa. Nimeonyeshwa daftari za yule mzee, mwandiko kama wa mashine. Na korosho mnazokula hapa mjini si korosho..."

Ikawa hivyo kila siku. Ndanda, ambako Mkapa alisoma. Miamba ya Masasi. Ubwabwa wa msibani. Mwezi wa pili binti alipita ofisini kuchukua fomu, akaniamkia, akasimama kidogo mlangoni akisikiliza sauti kutoka chumba cha chai.

"Bosi," akasema, "mwambie mzee apumzike. Kwetu anakutaja kuliko mimi."